Kwa Nini Bukavu Ilitazama Mpira Kutoka Mlimani

Vijana mnaochukua nafasi yangu katika ofisi ya klabu ya Radi mmeniomba niwaachie maneno machache kabla sijasahau. Sitasahau. Kumbukumbu yangu ni nzuri, kama kila mtu Bukavu anavyojua. Lakini naandika, kwa sababu swali mnaloulizana kila Jumatatu asubuhi ndilo nililoulizwa mimi nikiwa bado na nywele zote kichwani: je, watu wa mji huu wanaipenda kweli timu yao, au wanapenda kelele tu? Wengi wamelijibu kwa midomo. Mimi nililijibu kwa kazi, tena nikiwa na diploma.

Vyeo na mishahara nitavipita. Waliopata wanajua, na wasiopata wasianze kukasirika upya.

Nilizaliwa Bagira. Baba yangu alichuma majani ya chai maisha yake yote na hakuwahi kumiliki viatu vya kufunga kamba. Nilisoma kwa nguvu zangu, nikapata bursa ya masomo ya kwenda Ubelgiji bila kuwa na mjomba hata mmoja serikalini, nikarudi na diploma ya utawala wa michezo. Nchi niliyoiacha ikiitwa Kongo niliikuta inaitwa Zaïre. Mimi mwenyewe niliondoka nikiitwa Jean-Baptiste, nikateremka kwenye ndege nikiwa, kwa amri mpya ya serikali, citoyen, yaani raia, Bahizire. Jina lilibadilika, diploma haikubadilika. Niliitundika ukutani siku ya kwanza, kabla hata ya kuuliza ufunguo wa choo uko wapi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya baa, mtaa wa Kadutu. Katibu wa zamani, Papa Cirhuza, alikuwa ananingoja na vifaa vya kazi mezani: pampu ya mipira, firimbi, ndoo ya chokaa na megafoni iliyofungwa kwa kamba ya raba. Aliiangalia diploma kwa muda mrefu, akasema ni nzuri, ina muhuri mkubwa. Kisha akanifundisha. Mistari ya uwanja inapigwa chokaa asubuhi ya mechi, si jioni ya kabla, kwa sababu mvua ya Bukavu haina adabu. Megafoni hairuhusiwi kukaa karibu na mtu wa komite. Na upande wa chini wa uwanja lazima wasimame watu wawili wenye mbio, maana mpira ukitoka upande ule unaanza safari ya kulitafuta ziwa, na mara moja ulikutwa karibu na Nguba, mbwa wa mzungu anaulalia. Mambo hayo hawakutufundisha Ubelgiji. Kule uwanja uko sawa kama meza, hata mpira unachoka.

Papa Cirhuza aliondoka mwezi ule ule kwenda kufuga simbilisi karibu na Lwiro, akaniachia klabu nzima.

Ninyi mnaujua uwanja wetu, lakini nawaeleza watakaosoma baadaye. Upande mmoja kuna jukwaa la saruji lenye ngazi za kukalia. Upande wa pili unapanda mlima uliojaa nyumba, na kutoka kwenye mlima huo mtu anauona uwanja wote kama anavyoona sahani yake ya foufou. Nilipoanza kazi, watu walikaa jukwaani. Mlimani walikuwa mbuzi, na wanawake wakianika nguo.

Na jukwaani walitukana. Sikuwahi kusikia kitu kama kile, hata kwenye bandari za Ulaya. Sisemi matusi ya aibu. Watu wetu ni Wakatoliki. Yalikuwa matusi ya kazi, ya mtu aliyefikiri wiki nzima. Beki akikosa mpira, aliulizwa kama miguu yake iko likizo. Golikipa wetu, Bisimwa, kijana mrefu mwenye mikono kama makasia, ndiye aliyepata fungu kubwa zaidi. Aliyeongoza kwaya hiyo alikuwa fundi wa kushona anayeitwa Kashosho, mtu mfupi mwenye sauti iliyomzidi mwili.

"Bisimwa!" alikuwa anapaza. "Ile mikono ni ya kupokea komunyo, haiko ya kudaka mupira!"

Na jukwaa zima linaanguka kwa kicheko.

Nilijiambia hapana. Timu inayotaka kucheza mashindano ya taifa, na wachezaji wanaolipwa kama wafanyakazi wengine wa heshima, haiwezi kuishi hivyo. Nikatumia akili. Nilitengenezesha viti vizuri vya mbao, nikavipaka kijani na njano, nikaviweka katikati ya jukwaa, mstari wa mbele. Halafu nikaenda nyumba kwa nyumba kuwaalika mama za wachezaji wawe wageni wa heshima kila Jumapili. Wazo lilikuwa zuri, na mpaka leo ni zuri. Walikuja wote, wamevaa vitenge vya misa, na mbele yao Maman Nabintu, mama yake Bisimwa, mwanamke mpana anayeuza maharagwe sokoni Kadutu na ambaye hakuna anayemdanganya kwenye kipimo.

Jumapili ile Bisimwa alifungwa goli la kipuuzi. Mpira ulipita katikati ya mikono yake polepole, kama mtu anayeomba njia. Nikamwangalia Kashosho. Alikuwa amefungua mdomo. Akamwona Maman Nabintu ameketi hatua chache mbele yake, akaufunga. Akakohoa. Jukwaa zima likakohoa. Ilikuwa kimya kama wakati padri anainua hostia. Niliwaambia watu wa komite, "Citoyens, ustaarabu umefika." Walinipigia makofi.

Baadaye watu wakaanza kupungua. Kidogo, halafu sana. Baada ya muda jukwaani walibaki mama, komite, na mzee mmoja aliyekuja kulala. Nilichunguza jambo hilo kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Nikasema ni jua: nikawaomba watu wa salongo, ile kazi ya lazima ya umma ya Jumamosi, wapige mabati juu ya nusu ya jukwaa. Yakapigwa, na hakurudi shabiki hata mmoja. Nikasema ni tiketi: Jumapili moja nikaacha mlango wazi, aingie anayetaka. Aliingia mbuzi. Na wakati huo mlima wa ng'ambo ulikuwa unajaa. Walikaa juu ya mawe, juu ya kuta, juu ya paa za watu, na kelele zao zilitufikia kama mvua ya mbali, bila maneno. Nikawaambia komite kwa huzuni ya mtu aliyesoma: mji huu haupendi mpira. Unapenda kukaa mlimani.

Ndipo ikaja habari kwamba mkaguzi anatoka Kinshasa. Nafasi moja imebaki katika mashindano ya taifa, na miji miwili inaitaka. Yeye ataketi jukwaani Jumapili moja, ataangalia kama mji una mashabiki wa kweli, na neno lake ndilo la mwisho. Jukwaa likiwa tupu, nafasi inakwenda kwingine. Na nafasi ikienda kwingine, timu inakufa. Bisimwa alikuwa tayari ameahidiwa kazi ya ulinzi katika kampuni ya pombe Lubumbashi, na nusu ya wenzake walikuwa wamefunga mizigo. Rais wa klabu aliniuliza mbele ya wote, "Citoyen Bahizire, diploma yako inasema nini juu ya hii mambo?"

Nilimjibu kwamba Jumapili hiyo jukwaa litajaa. Nilisema kwa sauti kubwa. Nilipofika nyumbani ndipo nilipojiuliza litajazwa na nani.

Kesho yake nilivaa abacost, ile suti yetu isiyo na tai, ya rangi ya majivu na viatu nilivyonunua Brussels, nikapanda mlima kufanya uchunguzi. Viatu vile havikutengenezwa kwa Kadutu. Nilifika kwa Kashosho nikiwa na udongo mpaka magotini. Alikuwa mlangoni kwake, mbele ya cherehani, na majirani zake wanne wamekaa kusikiliza redio.

"Karibu, citoyen Sekretere," alisema. "Unatoka kulima?"

"Nimekuja kuuliza swali. Ninyi mnaipenda Radi?"

Walinitazama kana kwamba nimewauliza kama wanapenda kula.

"Batoto banaumwa, tunakuja," alisema Kashosho. "Mvua inanyesha, tunakuja. Bibi yangu alizaa siku ya match ya Uvira, nilikuwa hapa juu. Mutoto anaitwa Radi. Unataka upendo gani tena?"

"Basi kwa nini hamkai jukwaani? Nimeweka mabati. Nimefungua mlango."

Mmoja akazima redio. Kashosho alishona mshono mzima kabla ya kujibu.

"Sekretere, wewe umesoma. Niambie. Mwaka jana nilipopoteza baba, nani alilala chini siku tatu na bibi yangu, anapikia batu ya kilio?"

"Sijui."

"Maman Nabintu. Na mutoto wangu wa kwanza, nani alimushika kwa batizimu? Ni ye yule. Sasa unamuweka mbele yangu kwa kiti ya njano, halafu mutoto wake anaachilia mupira kama mutu anapokea mutoto wa jirani mwenye kukojoa. Nitamutukana aje? Mbele ya mama yake?"

"Usimtukane," nilisema.

Wote watano wakacheka mpaka cherehani ikatikisika.

"Bila kutukana?" alisema jirani yake. "Sasa tutakuwa tunafanya nini pale, rozari?"

"Kila mutu ana mama yake pale," aliendelea Kashosho. "Huyu, numero sita ni mutoto wa mama mukwe wake! Anaweza kukaa karibu ya mama mukwe na kusema ile maneno? Hata kumuangalia kwa macho hawezi. Hapa juu hatusikilikane. Tunatukana kwa amani."

Vijana, sikilizeni vizuri, maana hili halimo katika kitabu chochote. Mji ulikuwa umepanda mlima kwa sababu ya heshima. Niliuliza swali sahihi, kwa watu sahihi, nikapata jibu kwa nusu saa. Hiyo ndiyo faida ya elimu.

Niliwasihi washuke Jumapili moja tu, wakae kimya. Kashosho alikataa. Mkaguzi akiona watu wamekaa kimya, alisema, atafikiri wameletwa na serikali.

Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa ngumu: kuwaomba mama waache viti nilivyowapa kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimkuta Maman Nabintu sokoni nyuma ya mafungu yake ya maharagwe. Nilianza mbali. Niliuliza habari za magoti yake, habari za bei, habari za padri mpya.

"Papa Bahizire," alinikatiza, "unaongea kama mutu anataka kuomba bibi. Sema."

Nikasema kwamba mkaguzi anakuja, kwamba viti vinahitaji kupakwa rangi upya, kwamba pengine mama wangependa kupumzika Jumapili moja.

"Rangi iko muzuri. Sema ile ya kweli."

Nikasema ile ya kweli. Nilichagua maneno. Nilisema kwamba baadhi ya mashabiki wana mazoea ya kuwapa wachezaji mashauri makali, na kwamba wanaona haya mbele ya wazazi.

Alisimama. "Banatukana mutoto wangu?"

"Kidogo, maman."

"Kule juu? Kila Jumapili? Na mimi niko nakaa pale chini nasema, batu ya Bukavu bamekuwa bapole?" Alishika kiuno. "Nani? Kashosho? Ule niliyemupikia kwa kilio?"

Sikumtaja mtu. Nilikuwa mwanadiplomasia. Lakini aliniangalia usoni akasoma majina yote.

"Muzuri," alisema. "Jumapili hatutakaa kwa viti yenu. Tutapanda kule juu. Nataka kusikia na masikio yangu."

Mtu mwingine angemkataza. Mimi nilinunua maharagwe, nikaenda zangu. Nilikuwa nimekwisha kuona jinsi jambo lile litakavyokwenda.

Jumapili hiyo mkaguzi alifika mapema. Alikuwa mtu mnene, mwenye miwani, aliyezoea viwanja vya Kinshasa vyenye watu kama mchanga. Nilimketisha katikati ya jukwaa, kwenye kiti cha kijani. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Alimwona yule mzee aliyelala.

"Citoyen," aliniambia kwa Kifaransa, "ndio hawa?"

"Subiri kidogo," nilisema.

Ng'ambo, mlima ulikuwa umejaa. Halafu nikawaona mama. Walitoka kwenye barabara ya soko kwa mstari mmoja, na miavuli yao na viti vidogo vya miguu mitatu, Maman Nabintu mbele, wakaanza kupanda. Walipanda bila haraka. Mtu wa kwanza kuwaona alikuwa Kashosho. Nilimwona anasimama. Nilimwona anachukua kofia yake. Halafu vijana, sijui niwaeleze vipi. Mmekwisha kuona gunia la maharagwe likipasuka chini? Mlima ulimwagika. Watu waliteremka kwa njia zote, kati ya nyumba, kupitia mashamba ya migomba ya watu, wakikwepa kukutana na mama zao na wakwe zao, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine popote pa kuuona uwanja, wakaingia mlangoni kwangu. Waliingia kwa kusukumana. Jukwaa lilijaa, ngazi zikajaa, wengine wakakaa juu ya mabati yangu. Mzee aliamka, akauliza kama ni vita.

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wamechelewa," nilimweleza. "Ni kwa sababu ya misa."

Mechi ilikuwa na timu ya Uvira. Kabla watu hawajapata joto, Bisimwa aliruka upande mmoja na mpira ukaenda upande mwingine. Na jukwaa, ambalo lilikuwa limefunga mdomo miezi mingi, lilifunguka. Kashosho alisimama juu ya bega la jirani yake. "Bisimwa! Ulisalimia mupira, ukaacha ipite!" Mwingine: "Mumuletee kitanda, anachoka!" Mwingine: "Weka mbuzi kwa goli! Mbuzi hata inakula mupira!"

Mkaguzi aliniinamia. Uso ulikuwa umebadilika. "Citoyen, watu hawa wanamchukia. Mji usiomtaka golikipa wake unataka timu ya nini?"

Nafasi ya Radi ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu, katika uwanja uliojaa. Nikaanza kumweleza juu ya matusi ya kazi na matusi ya chuki, kwa utaratibu, kwa mifano, lakini hakuwa ananisikiliza, maana Bisimwa alikuwa amefungwa la pili.

Jukwaa likavuta pumzi ili lianze. Kabla halijaanza, sauti ilitoka mlimani. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka upande mmoja wa soko mpaka mwingine, na ilivuka uwanja mzima bila megafoni.

"Bisimwa! Mwana wangu! Nilikunyonyesha miaka mbili ili unifanyie hii? Hata mwiko yangu inadaka kuliko wewe!"

Kashosho alivua kofia. Halafu kicheko kilianza chini, kikapanda ngazi kwa ngazi, mpaka mabati yangu yakalia. Bisimwa, golini, aliinua mkono kuelekea mlimani kama askari anayepokea amri. Na kutoka hapo hakupitisha kitu tena. Alidaka kwa mikono, kwa kifua, mara moja kwa shingo. Radi ikarudisha goli moja, halafu la pili.

Mkaguzi alikuwa amesahau kiti chake. Alikuwa amesimama, miwani imemshuka puani, jasho linamtoka. Karibu na mwisho, mpira ulimponyoka Bisimwa kidogo tu, akaudaka tena, na mkaguzi wa Kinshasa, mtu wa serikali, alipaza sauti kwa Kilingala, lugha ambayo kila mtu hapa anaielewa kwa sababu ya muziki na wanajeshi. Alimwita golikipa wetu kitunga cha samaki kilichotoboka.

Watu waligeuka. Kashosho alishuka begani kwa jirani.

"Huyu ni nani?" aliuliza polepole. "Anamujua Bisimwa wapi?"

Firimbi ya mwisho ilituokoa. Mbili kwa mbili. Nilimshika mkaguzi mkono nikamvuta kwenye gari, watu wakitufuata na macho. Lakini habari ilikuwa imeshapanda mlima na kushuka tena. Maman Nabintu alikuwa amesimama mbele ya gari, mwavuli mkononi, kitenge kimejaa vumbi, na mama wengine wote nyuma yake.

"Ni wewe uliita mutoto wangu kitunga?"

"Maman," nilianza, "citoyen huyu ni mgeni wa..."

"Papa Bahizire, sikukuuliza. Namuuliza ye." Alimsogelea. "Sisi tunamutukana sababu ni wetu. Nilimulisha. Kashosho alimushonea uniforme ya masomo. Huyu alimuchungia mbuzi yake, huyu alimufundisha katekisimu. Wewe ulimufanyia nini? Ulimupatia hata mupira moja?"

Mkaguzi alitazama kulia na kushoto. Mashabiki wote waliokuwa wanamtukana Bisimwa saa nzima walikuwa wamesimama kumtetea, nyuso zao nzito. Alivua kofia.

"Pardon, maman," alisema.

"Unasema kwangu? Unasema kwa mutoto."

Bisimwa aliletwa, amejaa tope, ana haya kuliko wote. Mkaguzi wa Kinshasa akampa mkono mbele ya mji mzima na kumwomba radhi. Ndipo mama akatoa njia.

Gari lilifika mtelemko wa kwanza. Mimi nilikuwa nahesabu mizigo ya wachezaji wangu moyoni. Mkaguzi alipandisha kioo cha dirisha mpaka mwisho, akageuka kuangalia kama kuna anayetufuata.

"Miji mingine inanipigia makofi," alisema. "Muandikishwe katika mashindano. Lakini mwaka ujao watume mwingine kuja kuwakagua."